Sare ya Kukamulia

Siku ng'ombe Shukrani alipohama nyumbani kwa bibi Efrazia, watu walidhani bibi atalia. Hakulia. Alimfungua kamba, akamtanguliza ndama, akarudishia mlango wa zizi polepole. Moyoni alisema neno ambalo hakumwambia mtu: "Bwana asifiwe. Kesho nitalala mpaka jua lichomoze."

Alikuwa amechoka, bibi wa watu. Haukuwa uchovu ule wa kukaa kidogo, ukanywa maji, ukainuka. Ulikuwa umemwingia magotini na mgongoni, ukafanya makazi. Kila siku kukata majani, kila siku kuchota maji, kila siku kuamka gizani na ukungu wa kijiji cha Nambis umelala mlangoni kama mbwa. Alimpenda yule ng'ombe, lakini upendo nao unachosha.

Shukrani hakuwa mali ya mtu mmoja. Alikuwa wa umoja wa akina mama wa kanisa la Baptisti. Walimnunua kwa vitunguu saumu. Msimu mzima waliingia mashamba ya watu kufanya vibarua, wakang'oa vitunguu, wakavikata mizizi, wakavifunga mafungu, mpaka waume zao wakalalamika kwamba hata chai nyumbani inanuka saumu. Fedha yote ya kazi ile ikaenda kwenye sanduku la umoja, na sanduku likazaa ng'ombe. Tangu hapo Shukrani akawa mtu wa kutembea. Penye mtoto aliyefiwa na mama, au mgonjwa asiye na wa kumwangalia, ndipo alipopelekwa. Akikaa hapo, nyumba inakunywa maziwa. Nyumba ikipata nguvu, anahamia kwa mwingine. Malipo hayakuwepo, ila desturi moja: Jumapili ya kwanza baada ya kuhama, nyumba mpya huleta kibuyu cha maziwa kanisani, ipikwe chai ya watu wote baada ya ibada.

Kwa bibi Efrazia alikuwa ameletwa kwa ajili ya mjukuu wake, Marieta, aliyebaki mikononi mwa bibi angali mchanga. Sasa Marieta alikuwa anakimbia kwenda shule na meno ya mbele yameng'oka. Nguvu zilikuwa zimepatikana.

Zamu ilikuwa ya Yohanes, ng'ambo ya kilima. Mkewe Eva alifariki baada ya kujifungua, akamwachia mtoto wa kike, Lucia. Kununua maziwa ya kopo kulimmalizia Yohanes mbuzi wote. Mtoto alikuwa ameanza uji, lakini uji mtupu ulikuwa haumjengi. Kwenye kikao cha umoja mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama ni sawa, maana Yohanes si wa kanisa lao. Mectilda, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akajibu: "Basi na ng'ombe naye tumuulize dhehebu lake kabla hajatoa maziwa."

Mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo asubuhi ile akina mama walikuja wamevaa sare yao, kitenge cha bluu chenye maua meupe, wamsindikize Shukrani kwa nyimbo. Mbele alikuwa mwenyekiti, Odilia, nesi wa zahanati, mgeni wa mkoa mwingine aliyezoea baridi ya huku kwa kuigombeza.

"Shikamoo bibi," Odilia alisema, na kabla ya kuitikiwa pua yake ikakunjamana kwa harufu ya kitenge alichojitanda bibi. "Bibi Efrazia, hii sare imefanya nini?"

"Marahaba. Imekamua, mwanangu."

"Sare ni ya ibada na ya kutembelea wagonjwa. Si ya kukamulia."

"Alfajiri kuna baridi, mwenyekiti. Shuka langu namfunika mtoto. Kilichobaki ndicho hicho."

"Mwache, Odilia," Mectilda alidakia. "Sisi tunanukia sabuni, yeye ananukia maziwa. Bwana anajua nani ametoka kazini."

Odilia hakucheka. Alikuwa mkali wa sare kama alivyokuwa mkali wa sindano. Lakini walipofika mahali njia inapopanda, alichukua kamba ya ng'ombe kutoka mkononi mwa bibi, na hakuirudisha mpaka wakafika juu. Bibi Efrazia aliliona hilo, akaliweka moyoni. Yeye vitu vya namna hiyo havikumpita.

Kwa Yohanes waliimba, wakaomba, wakakabidhi. Yohanes alisimama mlangoni na Lucia kifuani ndani ya koti lake kubwa, asijue aweke wapi macho. Alisema asante kwa kila mama mmoja mmoja, hata kwa ndama.

Bibi akarudi nyumbani, akala, akalala.

Hakulala mpaka jua lichomoze. Ukungu ulikuwa bado mzito aliposikia mtu anapiga hodi. Alikuwa Yohanes, na ndani ya koti mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyeshalia sana.

"Shikamoo bibi. Nisamehe. Amebana."

"Nani amebana?"

"Shukrani. Ndama akinyonya, maziwa yapo. Nikigusa mimi, yanakauka. Jana jioni hakutoa hata kikombe. Leo ameipiga teke ndoo, ikaenda mpaka jikoni."

Bibi alikaa kitandani akaitazama miguu yake. Miguu nayo ikamtazama. Kisha akajitanda kile kitenge mabegani, akafunga fundo kifuani, wakapanda kilima.

Shukrani alimpokea kwa kumnusa bega. Bibi akachuchumaa, akaanza kuimba ule wimbo wake wa kukamulia ambao haukuwa na maneno mengi, na maziwa yakashuka. Yalilia ndani ya ndoo. Yohanes alichemsha kikombe palepale, akakichanganya na uji, Lucia akala mpaka akasinzia na kijiko mdomoni.

"Atakuzoea," bibi alisema. "Siku mbili tatu."

Siku mbili tatu zikapita, na nyingine juu yake. Kila alfajiri bibi alivuka kilima. Alimfundisha Yohanes kushika chuchu kwa vidole vyote na asivute kama anayevuta kengele. Alimpaka samli mikononi. Alimfundisha wimbo, naye Yohanes, mwenye sauti ya kuitia watu mnadani, aliimba mpaka kuku wakatoka nje. Shukrani alikuwa akigeuza kichwa, anamtazama kwa huruma, anabana.

Jirani mmoja, Joakimu, alisimama kwenye ua akapaza sauti: "Yohanes! Oa tu mwanamke, umwache ng'ombe wa watu!"

"Niolee wewe!" Yohanes alijibu. Lakini bibi aliona masikio yake yameinama kama ya mtu aliyepigwa.

Odilia alimpima Lucia kliniki. Alimwambia bibi wazi, maana hakuwa mtu wa kuzungusha: "Uzito umesimama. Umeacha kushuka kwa sababu wewe unapanda kile kilima. Ukiacha kupanda, uzito utashuka tena. Lakini wewe nawe, bibi, nimeona vifundo vyako vya miguu. Vimevimba."

"Unasema nifanye nini, nesi?"

"Sijui," Odilia alisema. Bibi alimpenda kwa neno hilo kuliko kwa dawa zake zote.

Jumapili ilikuwa inakaribia, na bibi alikuwa akihesabu moyoni mambo mawili tu: je, mtoto huyu atakula nisipokuja? Na je, nitaweza kuendelea kuja? Kwa lile la pili jibu alikuwa nalo. Asubuhi moja alikaa juu ya jiwe katikati ya kilima, akamwambia Mungu kwamba hakatai kazi, ila mwili umekataa, na aliomba wazungumze wenyewe, Mungu na mwili.

Kesho yake mvua ilimkuta njiani. Mvua ya huku haina haraka. Inakunyeshea mpaka ikujue jina. Alifika kwa Yohanes kitenge kimemgandama na meno yanagongana.

"Bibi, utaumwa," Yohanes alisema. Akamvua kile kitenge mabegani kwa adabu, kama anavyovuliwa mama mzazi, akakianika karibu na moto. Akavua koti lake mwenyewe, akamvika bibi, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Yeye akabaki na shati. Bibi alitaka kukataa, lakini joto la lile koti lilikuwa tamu, akajikunyata ndani yake.

Akaenda kukamua. Akachuchumaa. Akaimba. Akashika.

Shukrani akarusha teke.

"We!" bibi alisema. "Ni mimi."

Akashika tena. Hakuna kitu. Matone mawili, kisha chuchu kavu kama kidole. Ng'ombe alihema, akasogea pembeni, akamgeuzia makalio.

Bibi Efrazia alibaki amechuchumaa pale kwenye matope, mvua inapiga paa, na machozi yakamtoka. Alikuwa hajalia ng'ombe alipohama, sasa alilia. Siku zote hizo, katika uchovu wake wote, kulikuwa na kitu kimoja kilichompa joto: kwamba yupo kiumbe mmoja duniani anayejua mkono wake na hataki mkono mwingine. "Hata wewe?" alimwuliza Shukrani. "Hata wewe umenichoka?"

Akajipangusa uso kwa mkono wa koti. Koti lilinuka moshi, tumbaku na jasho la mwanaume. Mkono ukasimama njiani. Akalinusa tena lile koti, taratibu.

"Yohanes!" aliita. "Lete kitenge changu!"

"Hakijakauka, bibi."

"Kilete hivyo hivyo. Na wewe njoo."

Yohanes akaja amekishika mbali na mwili, kinachuruzika.

"Jitande."

"Mimi?"

"Mimi nimeshavaa."

"Bibi, mimi mwanaume. Hiki cha akina mama. Majirani watanionaje?"

"Watakuona unakamua."

Alimfunga mwenyewe, fundo kifuani, akamsukuma chini. Shukrani aligeuza kichwa. Alikinusa kile kitenge, kilichonyonya mavi yake, maziwa yake na pumzi ya ndama wake kila alfajiri bila kufuliwa ipasavyo. Alinusa bega, akanusa fundo. Kisha akatuliza miguu, akaanza kucheua.

"Shika sasa," bibi alinong'ona. "Imba, lakini polepole, kuku wamelala."

Maziwa yakashuka.

Yohanes alikamua mpaka povu likapanda ukingoni, mabega yake yakitikisika ndani ya maua meupe, na bibi hakutaka kujua kama ni kicheko au ni kilio, akageuka akatazama mvua. Alisikia uchungu kidogo, tusidanganyane. Kumbe haukuwa mkono wake. Hata mti ungevishwa kitenge kile, Shukrani angeusalimia. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine, kikubwa na laini kama godoro: hatahitaji kuja kesho.

"Kaa nacho," alimwambia Yohanes. "Usikifue."

"Bibi, hii ni sare yako. Jumapili utavaa nini?"

"Nitavaa uzee."

Jumapili akina mama walijipanga mlangoni mwa kanisa, bluu na nyeupe, kama kawaida ya Jumapili yao. Bibi Efrazia alikuja na sweta la zamani lenye kiwiko kilichotoboka. Odilia alimwona kutoka mbali.

"Shikamoo bibi. Sare?"

"Marahaba. Iko kazini."

Odilia alikunja uso, lakini wimbo ulikuwa umeanza, wakaingia. Bibi akataka kukaa nyuma, kwenye mabenchi ya wageni. Odilia akamshika kiwiko kile chenye tundu, akampeleka mbele na kumkalisha kando yake.

Mchungaji alikuwa amesimama kusoma neno mlango ulipofunguliwa. Aliingia Yohanes. Mkononi kibuyu, kimejaa mpaka shingoni. Mgongoni Lucia, mashavu yameanza kujaa, amefungwa kwa kitenge cha bluu chenye maua meupe, kimekauka na tope na kinanuka zizi kiasi kwamba waliokuwa kando ya njia waligeuka kabla ya kumwona. Upande wa wanaume mtu alikohoa kicheko. Kikaenea. Yohanes alisimama katikati ya kanisa ambalo si lake, masikio yameinama.

"Hiki ndicho kinachokamua," alisema, akigusa kitenge. "Bila hiki mimi si kitu."

Mectilda alipiga kigelegele cha kwanza. Odilia alikuwa ameduwaa, anamtazama Yohanes, anamtazama bibi, anakitazama kitenge. Mwishowe aliinuka, akapokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Sare ya bibi Efrazia imefika ibadani," alisema kwa sauti ya mwenyekiti. "Karibu, baba Lucia. Kaa na sisi."

Mahubiri yakaendelea. Yalikuwa mazuri, watu walisema baadaye. Bibi Efrazia hakuyasikia. Kabla mchungaji hajafika katikati, kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega la Odilia, na sweta lenye tundu limelala juu ya sare iliyopigwa pasi. Odilia, ambaye hakupenda mkunjo hata mmoja, alibaki wima kama nguzo. Hata wimbo wa mwisho aliuimba akiwa amekaa.

Chai ilipoiva nje, Mectilda alikuja kunyata. "Nimwamshe? Maziwa ya Shukrani wake yataisha."

"Mwache," Odilia alisema bila kusogeza bega. "Mwekee kikombe."