Kibandiko cha Mzee Metito

Mimi huniambii "futa" nikafuta hivi hivi. Nimezaliwa mbishi, na marehemu mama alishasema ubishi huu utaniponza. Kwa hiyo Enock aliponipigia simu kutoka Korogwe akisema, "Dada Chausiku, rekodi za mgonjwa wako namba kumi na moja zifute, zimeharibika," nilimwambia kwanza anieleze zimeharibikaje.

Namba kumi na moja ni Mzee Metito, mfugaji. Boma lake liko mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka zahanati yetu, upande wa Kabuku. Alikuja wiki iliyotangulia na mkewe, Nkoile. Mke akabaki kwenye benchi nje. Mzee akaingia, akaegemeza fimbo ukutani, akasema amezimia mara mbili akiwa machungani. Nikampima presha, iko sawa. Nikamsikiliza moyo, unapiga kama wa kijana. Lakini kuzimia si jambo la mchezo, na vifaa vya mradi wa kupima moyo ndiyo kwanza vilikuwa vimefika, nikampa kimoja.

Kifaa chenyewe ni kibandiko tu, hakizidi kifuniko cha soda. Unakibandika kifuani siku saba, kinaandika kila pigo la moyo na kulituma Korogwe kwa mtandao. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaorushwa angani na kampuni moja ya biashara huko ughaibuni. Kule juu hakuna daktari wa kukimbilia, kwa hiyo mioyo yao inasomwa na akili mnemba. Halafu wakaona kumbe na sisi huku daktari wa moyo yuko mbali, wakatuletea. Enock, ambaye ni fundi wa mradi, alijigamba kwenye semina kwamba vibandiko hivi vimeizunguka dunia mara nyingi kuliko rubani yeyote. Nikamwambia vizuri, tuone kama vitaiweza Handeni.

Mzee nilimwelekeza vizuri. "Baba, hiki si dawa. Kinasikiliza moyo tu. Plasta ikilegea, hizi hapa za akiba."

Akaniuliza, "Kinasikiliza hata mtu akilala?"

"Hasa akilala."

Akaguna, akaonekana ameridhika. Walipokuwa wanaondoka nilimwona Nkoile akisimama kila baada ya hatua chache, anapumulia mdomo. Nikasema moyoni, jua la leo kali. Mimi, nesi wa miaka kumi na minne, nikasema jua.

Sasa Enock ananieleza kwenye simu. "Siku ya kwanza moyo safi kabisa. Siku ya pili asubuhi, kimya dakika ishirini, halafu fujo. Mapigo thelathini na tano, mara yanasimama sekunde nne, sekunde tano. Akili mnemba yenyewe inakataa, inasema huu si moyo uleule. Kifaa kimelegea. Futa, tumvishe kingine."

"Inasema si moyo uleule?"

"Ndiyo. Hitilafu."

"Na kama kweli si uleule?"

Akacheka. "Dada, kibandiko kimoja, mtu mmoja. Angani hatujawahi kuona vituko hivyo."

Nikakata simu. Angani kila mtu ana chake. Huku kwetu ukimpa mtu vidonge kumi, nyumba nzima inameza viwili viwili. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa ng'ombe. Nikaona picha nzima: kuna dume limeugua, na mzee kaona heri kibandiko kisikilize mali yake. Nilipanda pikipiki nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya boma, shuka lake la lubega limeachia bega moja. Kifua kitupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Kibandiko kiko wapi? Usiniambie umemvisha ng'ombe."

Alinitazama hadi nikajuta. Kisha akasema polepole, "Kiko kwa mama yako."

"Mama yangu amefariki."

"Nasema Nkoile."

Nikakaa chini, pale pale vumbini na sare yangu nyeupe.

"Baba, ulizimia kweli wewe?"

"Mimi? Mimi sikuzimia hata siku niliyotahiriwa."

"Mwe! Sasa kwa nini usiniambie kwamba mgonjwa ni mama?"

Akachora ardhi kwa ncha ya fimbo. "Wewe una umri wa mwanangu. Kwetu mzee hamwelezi binti habari za kifua cha mkewe. Ningekufa kwa aibu kwenye kile chumba chako. Nilimleta ili aseme mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akasema hana ugonjwa. Anaanguka njiani, anasema ameteleza. Ardhi kavu hii, ameteleza mara tatu."

Yeye akaendelea, sasa hanitazami kabisa.

"Akilala, moyo wake unatembea, unatembea, halafu unasimama. Na mimi naacha kupumua. Halafu unaanza tena. Mwaka wa pili huu nalala nikiusubiri. Uliposema kitu hiki kinamsikiliza mtu akilala, nikasema basi, na wengine wausikie. Nimemwambia ni plasta ya maumivu."

Machozi yalinitoka, sifichi. Nililia kwa aibu. Mwanamke alikuwa amekaa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu, na mimi sikumuuliza hata neno moja.

Nkoile alitokea na kuni kichwani. Nikamtua mzigo, nikamshika mkono. Mapigo thelathini na sita kwa dakika. Nikamweleza bila kuzunguka kwamba moyo wake unasimama, na kwamba siku moja unaweza kusimama usianze tena. Twende Korogwe leo.

"Leo siwezi," akasema. "Jioni nani atakamua?"

"Mimi," akasema Mzee Metito.

Nkoile alimgeukia mumewe kama hamfahamu. Mwanamume wa rika lake, kukamua! Kwao hiyo ni kazi ya wanawake, na boma zima lingemcheka mpaka masika. Mzee akanyanyuka, akachukua kibuyu cha maziwa mlangoni, akakishika mkononi mbele ya majirani zake wote. Mama wa watu akaingia ndani kuchukua shuka.

Njiani nilimpigia Enock. Nikamwambia akifuta hata pigo moja atanitambua nikifika. Zile rekodi za hitilafu ndizo daktari alizisoma jioni ile, na kesho yake Nkoile alisafirishwa Dar, akawekewa betri ndogo ya kuusukuma moyo.

Mradi ulitaka ripoti. Palikuwa na swali, nani aligundua tatizo, na majibu mawili ya kuchagua: kifaa au mhudumu wa afya. Nikaongeza la tatu kwa kalamu: mume. Enock akapiga simu, "Dada, jibu hilo kwenye mfumo halipo."

"Basi liweke," nikamwambia.

Miezi miwili baadaye Mzee Metito akaja zahanati peke yake. Nikamkaribisha, nikachukua kipimo cha presha. Akanizuia kwa mkono.

"Siumwi, binti yangu."

"Mama je?"

"Anagombeza watu. Anasema maziwa nilikuwa namwaga nusu."

"Sasa umefuata nini kwa mwendo wote huu?"

Alilitazama benchi la nje, kisha akanitazama mimi.

"Nimekuja kukuambia kwamba sasa nalala."