Sungura Mnene wa Daktari

Mwaka wa tisini na tatu, sungura wa Daktari Mahfudh walifugwa kwa Matano, Likoni, kwa sababu maabara haikuwa na pa kuwafugia. Walikuwa wawili. Daktari aliwadunga sindano wote, lakini damu iliyoitika ni ya mmoja tu, yule dume mnene.

"Jua likimdhuru mtu," daktari alimweleza Matano, "mwilini mna protini inayofanya kazi ya fundi. Inarekebisha chembe za urithi zilizoharibika. Damu ya dume huyu imetengeneza kingamwili inayoitambua protini hiyo. Jumamosi nitaichukua nipimie ngozi ya Dhahabu. Tusipoiona protini, mtoto amezaliwa hivyo. Hakuna aliyemchoma."

Matano aliyashika maneno ya mwisho. Binti yake Dhahabu akiguswa na jua hutoka malengelenge, na vidonda havimwishi. Bi Mwanarusi, mamake Matano, alishatoa hukumu: mkamwana wake, Mwanakheri, anampaka mtoto mafuta ya kujichubua. Apewe talaka yake. Matano, hodari wa kila jambo isipokuwa kumwambia mamake hapana, aliomba kingojewe kipimo.

Alhamisi, Mwanakheri akiwa hospitali na mtoto, Bi Mwanarusi akafika kutoka Msambweni bila taarifa. Jikoni mlikuwa na mchicha. Mchicha, kwa mama mzazi! Matano akaenda bandani. Alimtazama yule mwembamba akaona haya, mkono ukamwendea mnene. Alijidanganya kuwa sungura ni sungura, daktari atadunga mwingine. Akapiga bismillahi akachinja. Damu yote ikamwagika mchangani, naye akaifukia kwa mguu.

Mwanakheri aliporudi aliikuta ngozi imeanikwa. Akaianua, akaificha, na Matano chakula kikamshinda.

Jumamosi daktari alikuja na chupa zake. Akainama bandani, akainuka taratibu.

"Dume yuko wapi?"

Alimtazama Matano. Aliyejibu ni Mwanakheri, amejitanda leso, macho chini.

"Ni mimi, daktari. Nilisahau kufunga mlango, akatoroka."

Alikuwa akimsitiri mumewe kama alivyofunzwa, na Matano, wallahi, akakubali kusitiriwa.

Daktari akashusha pumzi. "Protini niliyowadunga imekwisha. Nitaomba nyingine, lakini sijui kama nitapewa. Kwa sasa siwezi kumthibitishia mtu lolote."

Bi Mwanarusi alikuwa kibarazani, anasikia yote. Matano alimwona anamgeukia Mwanakheri, akajua maneno yatakayotoka.

"Mke wangu ananisitiri mimi, daktari," akasema. "Mimi ndiye niliyemchinja. Mama alikuwa amekuja, na sikuwa na kitoweo."

Bi Mwanarusi akamwacha Mwanakheri, akageukia banda. Alhamisi ile alimguguna sungura mpaka mifupa, akamwombea mwanawe dua.

"Kumbe," akasema polepole, "nimemla shahidi wa mkamwana wangu."

Mwanakheri aliingia ndani kushusha pazia, maana jua lilishaanza kufika kitandani kwa mtoto. Matano akamfuata.

"Niwie radhi, mke wangu."

"Mimi nilikusamehe tangu Alhamisi," Mwanakheri akamwambia, akimfunika Dhahabu miguu. "Huyu je?"