Kete ya Linval

Jumamosi nyumbani kwa mwenzetu Ionie hukosi pa kukaa, utakosa pa kuweka miguu. Sisi wastaafu wa ofisi ya telegramu ya mji wa Black River tunajazana barazani: mchuzi wa mbuzi, ramu, dhumna, na habari za wasiokuja.

Linval, fundi cherehani, amempenda Ionie tangu afiwe na mumewe. Kila akitaka kusema, ulimi unaganda. Akanijia nimfundishe kugeuza maneno ya Kiingereza kuwa nukta na mistari ya Morse, lugha yetu ya telegramu. "Vidole vyangu havina aibu," akasema. Akagonga kijiko kwangu mpaka paka akahama. Mpango wake ulikuwa amchumbie Ionie kwa kete ya dhumna, katikati ya makelele, mwingine asisikie.

Asisikie nani? Masikio yetu hayajastaafu!

Siku yenyewe, Linval akaburuta kete mezani mara mbili, mistari miwili: M. Mwenzetu Vashti akaacha kutafuna. A. Mtu akazima redio. Kufika R ya pili, baraza zima kimya.

"Fundi, harakisha, tutazeeka!" Vashti akaropoka.

"Tumeshazeeka. Mwache amalize!" mwingine akamkemea.

Jasho likamtiririka, lakini hakuacha. Akamwomba Ionie waoane, MARRY ME, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho.

Ionie alikwisha kuwakataa wawili waliomtamkia kwa mdomo, mmoja mwalimu mzima. Hakuinua macho. Akachukua kete yake akajibu, mbio, kama mvua juu ya bati. Baraza likalipuka kwa vicheko. Vashti akamwaga ramu yake.

Linval akabaki anatukodolea macho. Kugonga nilimfundisha, kusikiliza hatukufika.

"Amesema nini?"

"Si unajua Morse wewe?"

"Jamani! Ndiyo au hapana?"

"Soma mwenyewe, baba!"

Akachukua kofia yake, akainuka.

"Linval, keti," Ionie akasema. Akamfungua kiganja, akamgongea humo kwa kidole, polepole. Mstari, nukta, mistari miwili. Nukta moja. Nukta tatu.

Midomo ya Linval ikawa inahesabu. Kisha ikaacha kuhesabu, ikatanuka mpaka masikioni.

"Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Lakini mwanzo uligonga kirefu!"

Vashti hakuweza kujizuia. "Alisema ndiyo, na kwamba hiyo kete ya sita na mbili unayoiburuta, sote tumeiona."

Ionie akabamiza kete yake ya mwisho, akafunga mchezo.