Ukingo Ndani ya Ngumi ya Jaji

...na bado hajaifungua ngumi, jaji wa katikati, kifaa changu kimo humo kiganjani mwake, kifaa cha kutanulia shavu la mgonjwa, na wakili wa kampuni inayokitaka kifaa hicho yuko kwenye kamusi yake tu, "kunyumbulika, waheshimiwa, ni kupinda bila kuvunjika, na ukingo huu haupindi," ehe, haupindi ukitolewa kwenye bahasha ya vielelezo ukiwa wa baridi, ndivyo mahakama ya chini ilivyoubonyeza mara moja ikanifutia hataza, hati ya haki ya uvumbuzi wangu, miaka sita yote hivihivi, na leo rufaa ikianguka kampuni itakitengeneza kama chao, mimi nibaki kuchonga meno ya bandia nikikiona kwenye makabati ya wenzangu... lakini wakili wangu, mwanamke mfupi yule, jamani ana akili! hakubishana na kamusi hata kidogo, alisema tu, "Dai kwamba ukingo hunyumbulika lisomwe kwa macho ya fundi wa meno, na aya ya tisa ya hataza inasema ukingo hunyumbulika kwa joto la mdomo, mheshimiwa, hebu uushike dakika mbili," na jaji akaushika, mtu mzima na joho lake... aya ya tisa, mimi naijua ilikozaliwa, jikoni, mama yangu mbele yangu mdomo wazi, ufizi umevimba, kifaa cha kumi na tatu hicho, nataka kukitoa nikitupe, akanidaka mkono, mate yakimtoka, "Ngoja, mwanangu, haraka ya nini, kinapata joto... hee, kimelegea, hakiumi tena, andika hilo," nikamwambia mama, hilo dogo, haliandikwi, akanikata jicho, "Andika, mwenye mdomo ni mimi," nikaandika ili yaishe... mistari miwili, na leo ndiyo nguzo ya nyumba nzima, na asubuhi nilimwambia abaki nyumbani, mambo ya sheria yatakuchosha bure, Mungu nisamehe, akavaa viatu vyake vya harusini akanitangulia mlangoni, na pale penye jina la mvumbuzi niliandika langu peke yangu, wala hakuuliza, mara kumi na tatu aliufungua mdomo ule, kidonda juu ya kidonda, bila kunung'unika, mimi mwenyewe nisingeweza, nani angeweza... wakili wa kampuni ameketi, jaji anainua ngumi kidogo, roho juu, na mama ananiegemea sikioni, "Mwambie asifungue bado, dakika hazijatimia," kumbe anahesabu, kidole chake kinagonga goti langu, tisini na moja, tisini na mbili, na mimi simtazami jaji tena, namtazama yeye, fundi huyu asiye na cheti, mama, nishinde nishindwe, wakiniuliza nani aligundua nitasimama niseme ni huyu hapa, hata kama wakili wangu atanivuta shati, tisini na saba, tisini na nane, ngumi bado imefungwa, hesabu, mama, hesabu...