Jiko la Sebuleni kwa Bwana Tanuru

Miaka kumi na tisa Verna Hoffacker alivaa gauni la kijakazi kila Jumamosi ya Oktoba, akawatembeza watalii katika jumba la kale la bwana tanuru, tajiri aliyemiliki tanuru la kuyeyushia chuma, kule kwao milimani Pennsylvania. Na miaka kumi na tisa alisema uongo uleule: kwamba mzuka wa mwanamke unaoonekana kando ya jiko la chuma la kuotea moto sebuleni ni wa kijakazi Lovina, aliyejinyonga kwa kumpenda mtoto wa tajiri.

Lovina alikuwa bibi wa bibi yake. Hakuwa kijakazi, wala hakujinyonga.

Hii ilikuwa siku ya mwisho ya Verna kazini, naye hakuwa na mtoto wa kumwachia habari ya kweli ya Lovina. Asubuhi alimwomba Curtis, msimamizi, amruhusu aseme kweli mara moja tu. Curtis alicheka.

“Mama, wageni wanataka mzuka. Hawajaja matangani.”

Mchana, alipofika na wageni kwenye jiko, Verna aliisema.

Mume wa Lovina, Jonas, alikuwa mchoma makaa. Wachoma makaa hupanda juu ya rundo la magogo lililofunikwa udongo, moshi ukifuka chini yao, na kurukaruka ili kusikia kwa miguu palipobonyea, pazibwe hewa isiingie. Jonas aliruka, rundo likammeza. Wenzake wakashika sepetu wamfukue. Bwana tanuru akawakataza: hewa ikiingia, rundo zima litawaka, na tanuru lake la chuma litazimika kwa kukosa makaa. Akaamuru shimo lizibwe. Wakaliziba.

Siku ya kumi makaa yalipakiwa kwenye mikokoteni, yakamiminwa tanuruni, na kilichobaki cha Jonas kikiwa humohumo. Chuma cha wiki ile kilitengenezwa majiko. Moja bwana tanuru aliliweka sebuleni kwake.

“Lovina alikuja kuketi hapa kila siku, mpaka walipochoka kumfukuza,” Verna alisema. “Hakuja kuota moto. Alikuja kaburini.”

Mzee mmoja alivua kofia, na Verna akahisi kifua kikimfunguka. Kisha wakapiga makofi. Msichana mmoja akauliza kama anaweza kupigwa picha akiwa amelikumbatia jiko.

Curtis alikuwa mlangoni, macho yakimng'aa.

“Mama, ulikuwa umeificha wapi hii? Yule kijakazi basi tena. Dawn, atakayeshika nafasi yako, ataikariri wiki ijayo. Ila tuongeze mume anapiga mayowe ndani ya rundo.”

“Hakupiga mayowe.”

“Nani anajua?”

“Sisi wa ukoo wake tunajua. Lovina alikuwepo.”

Lakini Curtis alikwisha geuka, anawapanga wageni mstari wa kupiga picha. Verna alivua aproni, akaikunja. Alitaka tu kuligusa lile jiko kabla hajaondoka. Alipolisogelea, mwanamke mmoja alimwambia kwa upole kwamba foleni inaanzia kule nyuma.

Akaenda, akasimama nyuma.