Albamu ya Tano ya Salma Kito

"Godoro lako limeangukia maharage yangu, Anneth!"

"Si langu. La Yoramu hilo."

"Yoramu ndiye aliyelirusha?"

"Mama Denis, mimi sina mume tena. Mwenye godoro alifuate."

Tulikuwa tunapigiana kelele juu ya uzio wa mabanzi, yeye kwake, mimi kwangu, na upepo wa Makambako unayabeba maneno mpaka stendi. Majirani walishatoka. Idda alitoka kabisa na kikombe chake cha chai, kama mtu anayewahi taarifa ya habari.

"Amekupiga?" nikamuuliza Anneth.

"Hajanipiga."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Basi alirudi na ulanzi kichwani."

"Yoramu hanywi, unajua. Ila hasemi! Jana nimetoka kusuka, nimeingia sebuleni, nimesimama mbele yake. Unajua kaniambia nini? 'Sogea, naangalia mpira.' Salma anasema mwanaume asiyekuona ni kabati, na kabati halilali kitandani."

Nikaelewa. Albamu mpya imetoka.

Nimekua na Anneth, na wote wawili tumekua na Salma Kito. Albamu yake ya kwanza, Nisubiri Darajani, ilitukuta darasa la sita. Kaseti ilikuwa ya mjomba wake Anneth, muuza mitumba sokoni, na tuliisikiliza mpaka utepe ukakatika, tukauunga kwa rangi ya kucha. Mimi nilizipenda zile nyimbo kama watu wote. Anneth alizihamia. Mbena wa kuzaliwa, mtoto wa wakulima wa viazi, akaanza kusema "jamani mwenzenu" huku anapinda shingo, utadhani kazaliwa Tanga akaogeshwa kwa maji ya madafu.

Ya pili, Bei Yangu, ilitukuta tumemaliza shule. Mwalimu Jofrey wa Kidugala akaleta washenga, watu wazima wenye makoti yao, Anneth akawajibu kwamba yeye hachukuliwi na mtu wa baiskeli. Leo Jofrey ana shamba la parachichi na gari la kubebea parachichi. Sijasikia kama Salma alipiga simu kutoa pole.

Ya tatu ilikuwa ya kulia. Salma kaachwa huko Dar es Salaam, basi huku Anneth, ambaye ndiyo kwanza kaolewa na Yoramu, mpasua mbao, mtu wa kazi yake, naye akalia. Alilia kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa watu mpaka wageni wakatuuliza nani amefariki. Ya nne Salma kaokoka. Anneth, Mlutheri aliyebatizwa na kupata kipaimara palepale, akamfuata mchungaji wetu, anataka abatizwe tena, mtoni. Mchungaji akamuuliza, "Maji ya kwanza yalikuwa na kasoro gani?" Jibu lilikuwa halijaimbwa.

Mimi nyimbo huwa nazisukumia chapati. Zikiisha, na unga umeisha, nafuta meza.

Sasa ya tano inaitwa Kitanda Kizima, na godoro liko kwenye maharage yangu.

Jioni Yoramu akaja. Mwanaume mzima, mabega kama mlango wa kanisa, anasimama kwangu na mavumbi ya mbao kwenye nyusi. Akaliangalia godoro. Akalikung'uta, akalikunja vizuri, akalifunga kwa kamba.

"Shemeji, nililaze wapi?"

"Huendi kwako?"

"Amefunga."

"Na wewe una mikono ya kufanyia nini? Mlango wenyewe umeutengeneza wewe!"

Kumtoa Yoramu neno ni kama kumng'oa jino. Nikamwonyesha korido. Nyumba yangu haijawahi kukosa watu, wanakuja kwa sababu ya televisheni na chai, na mmoja zaidi hapunguzi kitu. Beatha, mtoto wao, akawa anaruka uzio kila jioni kuja kula na baba yake. Anneth alikuwa anapika chakula kinabaki, anakila mwenyewe huku kafungulia Salma kwa sauti kubwa ili tumsikie anavyofurahi.

Habari haikai Makambako. Ilifika Njombe kwa Bibi Dorosela, mama yake Yoramu, na yule mama hakuwahi kumpenda Anneth tangu siku ya mahari. Akampigia mwanawe simu mbele yetu sote. Bibi Dorosela haamini kama simu inasafirisha sauti, kwa hiyo hupiga kelele ili sauti ifike yenyewe.

"Jumapili nikitoka ibadani nakuja na gari! Ufungashe! Binti nimeshamwona, wa Makete, mpole, analima, hana nyimbo!"

Yoramu akasema, "Nimesikia, mama." Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilimdharau nikatamani kummwagia chai.

Nikaenda kwenye uzio. "Anneth, Jumapili mumeo anachukuliwa, na mkwe wa pili kashapatikana. Mfungulie mlango mwenzio."

"Aende. Kitanda kizima changu."

Lakini alisema akiwa ameshika banzi kwa mikono miwili, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye korido yangu. Akaona nimemwona. Akapinda shingo. "Na Jumamosi naenda Njombe. Salma anapiga shoo uwanjani. Nitamwona kwa macho yangu, atanipa nguvu."

Nilikwenda naye. Si kwa mapenzi. Jambo kama hilo likupite, utalisimuliaje?

Shoo iliwekwa mchana kwa sababu ya baridi. Watu wa Njombe walikuja na makoti na kofia za sufu, wamekaa kama wako kwenye mkutano wa pembejeo. Salma Kito akatoka na kikaptula. Miguu ikamsisimka tangu kwenye ngazi, ikawa kama kuku aliyenyonyolewa. Amenenepa shingo, na kope zimebandikwa moja juu, moja pembeni. Muziki ukaanza, na sauti ikaanza kabla hajafungua mdomo. Uwanja mzima ukaona. Huyo ndiye aliyemtoa Yoramu kitandani.

Wimbo ulipoisha akainua mkono. "Makambakooo! Mpooo?"

Kimya. Yaani kimya cha kutukanwa. Usimwite mtu wa Njombe Makambako. Hawa wana mkoa, wana mkuu wa mkoa, na sisi wanatuona wachuuzi wa njia panda. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ametumwa na nani huyu?"

"Tupooo!"

Mtu mmoja tu. Anneth. Amesimama juu ya benchi, amevua kilemba anakipunga, machozi yanamtoka. Kumbe alidhani anaitwa yeye! Miaka yote hiyo, tangu kaseti ya mjomba, hatimaye Salma kamwita kwa mji wake.

Mshereheshaji, ambaye alikuwa anatafuta pa kujifichia, akaona hapo ndipo. "Dada wa Makambako, pita mbele!" Wakampandisha. Salma akamkumbatia, nadhani kwa kutafuta joto, akampa maiki. "Mwanamke jasiri! Waambie, wewe umemfanya nini wako?"

Anneth akashika maiki kama mshumaa wa Krismasi. "Dada Salma, mimi nimefanya ulivyosema. Nimemtupia godoro nje. Mume wangu. Yoramu. Kesho mama yake anamchukua moja kwa moja, lakini mimi nimekusikiliza wewe."

Salma akamtazama. Kwanza akadhani utani. Halafu akacheka, na kicheko ndicho kilikuwa sauti yake ya kwanza ya kweli siku ile.

"Mama wee! Kweli kweli? Mume wa ndoa? Jamani, watu mnafanya? Mimi si naimba tu, mwaya! Wangu si yule pale, kanishikia koti!"

Na kweli, pembeni ya jukwaa alikuwepo baba mmoja mfupi mwenye kitambi, kashika koti la manyoya na chupa ya chai. Akatupungia mkono.

Njombe ikacheka. Watu waliokuwa wamenuna wakapata dawa yao. "Makambako hiyo!" wakawa wanasema. "Wanatupa waume!" Wimbo mwingine ulianza Anneth bado hajamaliza kushuka ngazi, na Salma alikuwa ameshampa mgongo. Akaenda kusimama nyuma ya gari la muziki. Nilimkuta anafunga kilemba, anakosea, anafungua, anafunga tena. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka Pasaka. Nikayameza, na mimi maneno siyamezi ovyo.

Tulifika Makambako jua linazama. Video ilishafika kabla yetu. Idda alikuwa nayo kwenye simu, sebule yangu imejaa, wanaiangalia kwa zamu, na Yoramu katikati yao na sahani ya ugali na kitimoto. Walikuwa wanamwonyesha na yeye! Nikainyang'anya simu nikaizima.

Anneth hakuingia. Alisimama nje ya mlango, kilemba mkononi, upepo unamvuta gauni, akasema kwa sauti ndogo, "Nimemfuata Beatha."

"Mfuate Salma akupe chakula," Idda akasema, na wawili watatu wakacheka kwa puani. Mimi sikucheka, ila sikumkaribisha pia. Nilitaka asimame pale kidogo. Alistahili.

Ndipo simu ya Yoramu ikalia. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

"Nimeona! Njombe yote imeona! Amekutaja jina jukwaani kama mwizi! Sisubiri kesho, gari linakuja sasa hivi, umefungasha?"

Anneth pale mlangoni alisikia kila neno, na hakujitetea. Shingo ilikuwa imenyooka, ya kawaida, ya mtoto wa wakulima wa viazi. Yoramu alitafuna. Akameza. Nikasema moyoni, huyu atajibu "nimesikia, mama," na mimi nitamtupia hilo godoro upya kwa mikono yangu.

"Mama," akasema, "gari lisije. Tunakula."

Akakata. Bibi Dorosela akapiga tena, Yoramu akaigeuza simu kifudifudi juu ya benchi, ikawa inanguruma peke yake. Akasogea, akamsukuma Idda kwa kiwiko, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Halafu yule mwanaume asiye na haya, ndani ya nyumba yangu, kwa nyama niliyoinunua mimi, akatazama mlangoni.

"Umesuka," akasema. "Nilikuwa sijaona. Ingia ule."