Kitako cha Bunduki ya Makongoro

Makongoro aliilaza bunduki juu ya meza ya fundi, akaisukuma mbele kama anamkabidhi daktari mtoto mgonjwa.

"Inanipiga," alisema.

Nathanieli, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na leseni ya kutengeneza bunduki pale Bunda, hakuigusa. "Bunduki zote zinapigaga, afande. Ndiyo kazi yake."

"Hii inanipiga mimi kwanza."

Akafungua shati. Bega la kulia lilikuwa limevilia damu, na juu yake mfupa wa mtulinga umetokeza kama kifundo cha mti. Aliuvunja alipoanguka na pikipiki njia ya Butiama, ukaunga vibaya. Nathanieli alitazama bega, akatazama bunduki, kisha akamtazama Makongoro mwenyewe, mfupi, shingo nene, mikono mifupi ya kushikia jembe tu.

"Nani alikuwa nayo kabla yako?"

"Jamaa mmoja mrefu. Siku hizi analinda mgodini Buhemba."

"Basi umevaa suruali ya mtu mwingine."

Ilikuwa kweli. Makongoro alikuwa askari wa wanyamapori wa halmashauri, na bunduki hiyo nzito ya kupigia tembo alipewa kama alivyopewa buti, bila kupimwa. Kitako chake, ule mti wa nyuma unaokaa begani, kilikuwa kirefu. Ili kidole kifike kwenye kifyatulio ilibidi anyooshe shingo kama kobe. Hapo kitako kiliteleza kutoka kwenye nyama ya bega na kupanda juu ya ule mfupa. Mwili ulishajua maumivu yanayokuja. Kila alipotaka kufyatua, macho yalijifunga yenyewe.

Ndivyo yalivyojifunga kule Murangi, kijiji cha ziwani. Kiboko dume alikuwa anamaliza viazi vya watu, wakamwita. Akasimama ufukweni, akalenga, akafunga macho. Risasi ikavunja taya. Kiboko akazama na maumivu yake, akaingia kwenye matete ya ghuba ndogo ambako mtu aliye nchi kavu hamwoni. Na aliyekuwa mwizi wa viazi akawa muuaji. Wiki iliyofuata aliukata mtumbwi wa Samwel vipande viwili, na Samwel akiwa ndani.

Samwel alikuwa kaka wa Ghati, mke wa Makongoro.

Ghati hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akatoka nyumbani kwa mumewe Makoko, akarudi kwa mama yake Murangi. Mlangoni alisema maneno machache tu: "Mama amebakiwa na Chrispin. Na Chrispin ananoa mkuki."

Chrispin alikuwa amesema Jumamosi anaingia kwenye matete, bunduki iwepo isiwepo. Wazee wa mwalo, pale mitumbwi inapofikia, walimsihi, akawaambia kaka yake hakuwa samaki wa kusahaulika. Kila mtu ziwani anajua kiboko mwenye jeraha anavyomfanya mwenye mkuki. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Bosi wangu Musoma ameruhusu nibadilishe kitako," Makongoro alisema. "Anataka tu cha zamani kirudi stoo. Nitafutie kinachonifaa. Nakuomba, mzee."

Nathanieli alivuta gunia kutoka chini ya meza, akamwaga vitako sakafuni. Makongoro aliokota cha plastiki, chepesi.

"Weka chini. Bunduki ikiwa nyepesi teke lote linakuja kwako."

Akaokota kingine cha mninga, kizito, kimepakwa mafuta, kimechongwa maua ubavuni. Akakipapasa.

"Afande, unachagua kitako au unachagua mke wa pili?"

Fundi akakifunga hivyo hivyo. "Funga macho. Inyanyue kama unavyoinyanyuaga. Usiitafute, iache ikufuate. Haya, fungua."

Makongoro alifungua. Shabaha, kile chuma cha kulengea juu ya mtutu, ilikuwa inatazama dari.

"Ukianza kuinamisha kichwa kuitafuta, umeshakosa," Nathanieli alisema. "Bunduki ndiyo ije usoni."

Walijaribu kingine, kikamgonga shavu. Kingine kikaacha nafasi kwenye kwapa. Alikuwa anamwona Chrispin kila alipofumba macho, amesimama kwenye mtumbwi, mkono juu. Akiinua kitako kingine akafungua macho, shabaha iko pembeni, alitamani kukitupa barabarani.

Mwisho fundi akachomoa kimoja kibaya, kifupi, kimepasuka na kuungwa kwa gundi, nyuma yake kimepigiliwa kipande kinene cha mpira wa tairi. Makongoro alifumba macho. Akainua. Akafumbua. Ncha ya mbele ya shabaha ilikuwa imekaa katikati ya tundu la nyuma kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Shingo haikunyooka. Kitako kilikaa ndani kabisa, mbali na mfupa.

Hakuishusha. Aliogopa akiishusha isingerudi pale.

"Hicho," alisema.

Walikwenda kwenye shimo la kokoto lililoachwa nje ya mji. Jua lilikuwa kali, Makongoro alibaki na fulana. Akalenga jiwe jeupe, akafyatua, akaliona linavyopasuka. Aliliona. Macho yalikuwa wazi.

"Kimelala kama umeshonewa," Nathanieli alisema.

Ijumaa jioni alifika Murangi. Mama mkwe wake, Dorotea, alikuwa uani na kanga nyeusi. Kwa heshima ya mkwe na mama mkwe hawakutazamana. Makongoro alisimama mbali, akasalimia akiangalia chini. Dorotea akamgeukia Ghati aliyekuwa kando yake.

"Mwambie mkwe wangu, safari hii nina mmoja tu wa kumpa."

Ghati hakurudia. Hapakuwa na haja.

Chrispin alitoka ndani na mkuki. "Shemeji, mara ya kwanza ulimng'oa meno. Kesho unakuja kumsafisha masikio?"

"Nipeleke kwenye matete alfajiri. Wewe sukuma kwa pondo, mimi bunduki."

"Na ukikosa?"

Makongoro alihamishia bunduki bega la pili.

"Ukikosa, mimi nina mkuki," Chrispin akasema. "Mkuki hauhitajigi fundi wa Bunda."

Asubuhi, kumeanza kupambazuka, walikuta mwenyekiti wa mwalo, mzee Apolinary, amesimama mbele ya mtumbwi. Tangu Samwel afe, aliweka sheria: haingii mtu majini bila boya nene la sponji la kuvaa kifuani hadi mabegani. Chrispin alivaa lake bila kubisha. Makongoro, mtu wa ng'ombe ambaye kuogelea kwake kulikuwa kuvuka josho, alivaa la kwake, akakaza mikanda hadi kidevuni, akashukuru.

Walisukuma mtumbwi hadi kwenye mlango wa ghuba. Matete yalikuwa kimya. Chrispin aliacha pondo, akashika mkuki. Kisha maji yakavimba mbele yao na kichwa kikatoka, kikubwa, taya limening'inia upande, inzi juu yake.

Makongoro aliinua bunduki.

Haikuja. Unene wote wa boya ulikuwa umejaa begani, na kile kitako kifupi alichokipima akiwa na fulana kilikuwa kimekuwa kirefu upya, kirefu kama cha yule jamaa wa Buhemba. Kidole hakikufika vizuri. Alinyoosha shingo. Kitako kikateleza juu ya sponji, kikapanda, kikakaa juu ya mfupa. Akayasikia macho yake yanaanza kujifunga.

Akashusha. Kichwa kilizama.

"Shemeji," Chrispin alisema taratibu, "ulikuwa unangoja nini? Akuage?" Akapiga goti, mkuki mbele. "Basi. Niachie mimi."

"Subiri." Makongoro alikuwa anafungua mikanda ya boya. Mmoja ulikuwa umekaza. Akaukata kwa kisu. Akavua boya, akalitupa chini.

"Una wazimu? Wewe si unazamaga hata kwenye lambo?"

"Kaa chini, Chrispin. Nakuomba kaa chini."

Akazungusha mkanda wa bunduki mkononi mara mbili. Akasimama na shati tu. Kichwa kilitoka tena, karibu zaidi, kinakuja, na Makongoro alifumba macho mwenyewe, kwa kutaka, akainua, akafumbua. Shabaha ilikuwa imekaa kwenye kiti chake. Mbele ya shabaha, sikio.

Akafyatua.

Teke lilikuwa jepesi begani, lakini mtumbwi hauna miguu. Uliyumba, naye akaenda kinyumenyume, maji yakamfunika, meusi na baridi, bunduki ikimvuta chini kwa mkono. Chrispin alikuwa na mkuki mkononi na povu mbele yake. Mkono mmoja hauwezi kumshika mtu mzito na silaha yake. Aliuachia mkuki, ukazama, akainama kwa mikono yote miwili na kumshika Makongoro ukosi.

Walipotulia mtumbwini, ghuba ilikuwa tupu.

"Umempata?"

Makongoro alikohoa maji. "Macho yalikuwa wazi."

"Sijauliza macho."

Lakini hapakuwa na jibu lingine. Kiboko aliyekufa huzama kwanza, na aliye hai huzama pia. Aliyekufa huibuka tumbo likishajaa hewa. Walirudi ufukweni kungoja. Chrispin alikwenda nyumbani kuchukua mkuki wa marehemu kaka yake. Akamkuta mama yake ameukalia mkuki huo, mlangoni, na hakuinuka alipoombwa.

Jua lilipanda. Makongoro alikaa kwenye mawe, shati linamkaukia mwilini, anapapasa bega lake. Haliumi. Ndio ushahidi pekee aliokuwa nao, akawa anaubonyeza tena na tena.

Adhuhuri, kivuli cha mtumbwi kilipokuwa kimeisha chini yake, matete yakaachana. Tumbo lilitokea, la rangi ya waridi, likageuka polepole.

Hakuna aliyeshangilia. Watu wakaja na visu na ndoo, kama ilivyo desturi, lakini nyumba ya Dorotea haikuchukua hata kipande. Wakamvuta kiboko hadi kwenye mchanga. Chrispin alichuchumaa kwenye kichwa, akaweka kidole kwenye tundu dogo safi kando ya sikio. Kisha akaweka kiganja kwenye taya lililooza.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema.

"Ndiyo."

"Kama hii nyingine ingetangulia..." Akanawa mikono ziwani, kwa muda mrefu.

Dorotea alikuwa amesimama nyuma ya watu, uso wake ameugeuzia ziwani.

"Mwambieni mkwe wangu avae kitu," alisema. "Anatetemeka."

Ghati akamletea kanga, akamfunika mabegani. Palikuwa na joto kali.